Chipu Isiyojitaja Jina
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa)

Wazee wenzangu tuliokula maharage ya shule hii, na ninyi vijana mnaoyala sasa: nimeombwa nieleze kazi yangu. Mke wangu husema mimi ni msahihishaji wa madaftari, wala hakukosea sana.

Ndani ya kompyuta na simu mna kiini cha mfumo wa uendeshaji, kiitwacho kerneli. Ninayoishughulikia ni ya Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991. Kerneli huongea na kifaa kupitia programu iitwayo kiendeshi. Sasa, kifaa kinachochomekwa kwa USB hupiga hodi na kujitaja. Chipu iliyolehemiwa kwenye bao la saketi mara nyingi haijitaji. Lazima mtu aandike: iko anwani hii, umeme wake watoka pale, waya wake wa kuianzisha upya ni huu. Maandishi hayo huitwa mti wa vifaa. Zamani, kwa chipu za ARM, mambo hayo yalitapakaa ndani ya kerneli yenyewe, hata mwaka 2011 Torvalds akalalamika hadharani juu ya vurugu ile.

Mimi husoma kanuni za maandishi hayo kabla kiendeshi hakijapokelewa. Nauliza maswali ya kikaidi. Jina limetaja mtengenezaji na chipu yenyewe, au limeweka x ili lifunike chipu kumi? Unaeleza chombo kilivyo, au unaiamuru programu? Na kipimo kiko wapi? Kijana mmoja aliandika kikomo cha kuchajia betri: 4200. Nikamrudishia. 4200 nini? Tunataka jina lenyewe liseme mikrovolti, basi iwe 4200000, kwa maana betri ya lithiamu ikizidishiwa umeme huweza kuwaka moto. Wazee mnamkumbuka mwalimu wetu wa fizikia, aliyekata alama kwa jibu lisilo na kipimo. Nilimchukia miaka minne.

Lakini nami nimepitisha kosa. Ilikuwa chipu ya skrini ya kugusa. Waya wake wa kuianzisha upya hufanya kazi umeme ukiwa chini. Maelezo yakasema ukiwa juu. Mwandishi wa kiendeshi naye akageuza mambo kinyume. Makosa mawili yakafichana, skrini ikaitikia kidole, nami nikatia sahihi. Miaka miwili baadaye fundi mwingine akatengeneza bao jipya, akaandika ukweli. Skrini yake ikawa maiti. Alijitafutia kosa wiki tatu. Aliponiandikia niliona haya.

Tungefuta tu? Vifaa vilikwisha kuuzwa, na uongo ule umo ndani yake, na kanuni yetu ni kwamba kerneli mpya isiharibu chombo cha zamani. Tukasahihisha kiendeshi, tukaongeza kipande kinachosema: kwa chipu hii, lolote lililoandikwa juu ya waya huo, shika kwamba hufanya kazi umeme ukiwa chini. Kipande hicho kipo hadi leo, na kila akisomaye bila shaka hujiuliza ni mpumbavu gani aliyekisababisha.

Nimekuja na bao moja dogo na kipima umeme. Baada ya chakula nitakuwa maabara ya fizikia, ikiwa Mwalimu Mkuu atatupa ufunguo.