Kabla ya Kuingia Mgunda Mkali
Hotuba juu ya kujitayarisha kwa maafa, iliyosomwa mbele ya wajumbe katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Twashukuru kuifikia siku hii. Chama kilichotimiza miaka kumi si mtoto wa kubebwa mgongoni. Chapaswa kuijua njia yake. Wenzetu waliotangulia wamesema juu ya bei, mizani na maghala. Sisi tumepewa zamu ya kusema juu ya jambo lisiloingia katika hesabu za mwaka mpaka limekwisha kutupata, nalo ni maafa: ukame, mvua ya mawe, moto na mafuriko.

Nchi yetu hii ilijua safari kabla ya kujua reli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo mizigo ilikwenda kwa mabega ya wapagazi, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Baina ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambamo maji yalikuwa haba. Misafara ilikuwa na desturi yake ya kuvuka mahali pa namna hiyo, iliyoitwa terekeza. Watu walipika na kula mapema, wakajaza maji vibuyuni, wakaondoka adhuhuri, wakalala porini pasipo kisima, na asubuhi wakaendelea hata wakayafikia maji. Kiu ilijulikana kabla haijafika, na dawa yake ilichukuliwa kabla ya safari. Hakuna aliyengoja kufika katikati ya pori ndipo atafute kibuyu.

Hilo ndilo neno letu la leo. Maafa hayazuiliki yote, lakini hasara yake kwa sehemu kubwa hupimwa na yale tuliyoyafanya miezi mingi kabla.

Mifano i karibu nasi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo. Walikuja na matrekta na fedha nyingi, lakini mvua na udongo wa Kongwa havikuwa vimechunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Nguvu bila maarifa ya mvua haikufaa kitu. Tena, mwaka 1996/97 nchi ilipatwa na ukame, na msimu uliofuata, 1997/98, zikaja mvua kubwa za El Nino. Mkulima aliyejiandaa kwa jua peke yake alikutwa na maji. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yaliharibu reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe, na treni za kuja huku zikasimama. Basi mvua ya mbali yaweza kufunga njia yetu hali mashamba yetu ni salama. Na tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Sisi hatukai chini ya mlima kama ule, lakini kila nchi ina mlima wake.

Mlima wetu ni upi? Ndugu wakulima wa tumbaku, mwaujua. Mvua ya mawe ikipiga shamba kwa muda mfupi tu, jani hutoboka na kuchanika, na jani ndilo mali yenyewe. Moto nao huanza kwa jani moja kavu kuangukia bomba la bani, na kazi ya msimu mzima ikawa majivu. Lakini deni la mbolea haliungui wala halichaniki. Nasi tumekopa kwa dhamana ya pamoja: asiyeweza kulipa hulipiwa na jirani yake. Kwa hiyo mawe yaliyoanguka katika shamba moja yameangukia chama kizima. Anayesema, "Hilo ni la fulani, si langu," hajausoma mkataba aliotia sahihi.

Basi yafaa tufanye nini?

Kwanza, chakula. Kila mwanachama anayechukua pembejeo za tumbaku awe na shamba la chakula, na sehemu yake iwe mihogo na viazi, mazao yanayostahimili jua. Wazee wetu walikausha viazi wakapata michembe na matobolwa, wakala kiangazi chote. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mahindi yasiyokauka huoza, na yasiyolindwa huliwa. Tukumbuke kuwa dumuzi, yule mdudu aliyeitwa Skania, katika Afrika alionekana kwanza mkoani kwetu Tabora, kuelekea mwanzo wa miaka ya 1980. Hula mahindi, na makopa pia hayaachi. Mahindi yakaushwe sana, yapukuchuliwe, yatiwe dawa iliyoruhusiwa au yafungwe katika mifuko isiyopitisha hewa.

Pili, moto. Mabomba ya bani yakaguliwe kabla ya kukausha, na kuzunguka mabani, maghala na misitu ya mizinga ya nyuki pafyekwe njia pana mwanzo wa kiangazi, nyasi zingali mbichi.

Tatu, habari. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla ya Novemba. Katibu wa kila chama cha msingi ausome mkutanoni, aubandike ubaoni, na wanachama waamue mbegu na siku za kupanda kwa kuufuata.

Nne, mfuko. Kila chama kitenge akiba ya maafa kwa kila kilo iuzwayo, na bima ya mazao ijadiliwe kabla ya mkopo kutiwa sahihi. Masharti ya bima yasomwe kwa sauti, wote waelewe ni hasara ipi inayolipwa na ni ipi isiyolipwa.

Tano, viongozi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hata vijijini. Chama kiwe na mjumbe anayekwenda huko, si jina tu karatasini.

Ndugu wanachama, tumbaku hutupatia fedha, lakini hailiki. Mkitoka hapa, msiulizane mavuno yajayo yatakuwa kilo ngapi kabla hamjaulizana: mvua ikikatika Januari, tutakula nini, na nani atalipa deni? Chama chenye jibu la swali hilo kimekwisha kujaza vibuyu vyake.

Twawatakia miaka kumi mingine ya heri, na safari njema.