Njia za Ugonjwa, Njia za Uvumi



Tuliombwa kusema mbele yenu ginsi magumu ya jamii yanavyoenea kati ya watu. Siku ya yubile watu hupenda kusikia nani alifyatua matofali ya kwanza na nani alipandisha bati. Wengine wamekwisha kuyasema hayo vizuri. Sisi tumepewa sehemu isiyopendeza, nasi tumeikubali.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeonekana Mangina, katika Kivu ya Kaskazini, karibu na mpaka wetu. Kwa njia ya Mandima, Mambasa na Komanda iliingia Ituri, na mwaka 2019 ikafika hapa Bunia. Ilipotangazwa mwisho wake, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikuwa wamekufa.

Ugonjwa huu hauruki hewani kama mafua. Hupita kwa damu, kwa matapiko, kwa jasho la mgonjwa. Basi, uliwashika kwanza wale waliopenda: mama aliyempangusa mtoto wake, dada walioosha maiti, mwuguzi aliyepiga sindano bila glovu. Mtu asiyejali wagonjwa alikuwa salama kuliko yule aliyewahudumia. Jambo hili lilitutia uchungu sana, nasi hatujalimaliza moyoni hata leo.

Lakini kulikuwa na kitu cha pili kilichotembea katika njia zile zile: kilioni, sokoni, juu ya piki-piki, katika simu. Yalikuwa maneno. Ebola ni biashara ya wakubwa. Chanjo ndiyo inayoua. Anayeingia kituo cha matibabu hutoka ndani ya mfuko. Mwezi wa Septemba 2018 wachunguzi waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo, wakakuta kwamba mmoja kati ya wanne haamini kuwa Ebola ni ya kweli. Waliosema kwamba wakubwa wa mahali pao wanatafuta faida ya raia hawakufika hata theluthi moja. Hesabu hii ya pili inaeleza ile ya kwanza. Kiisha, tarehe 26 Desemba mwaka ule ule, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, kwa sababu ya Ebola na ya vita. Aliyekuwa na mashaka akapata ushuhuda wake.

Tusiwacheke ndugu zetu wa kule. Sisi wa Ituri tulikuwa na majani makavu yetu wenyewe. Mwaka 1999 ugomvi wa mashamba ulianza katika teritori ya Djugu, kati ya watu waliokuwa wakiuziana maziwa na mihogo. Haukupita hata miaka minne, na mwezi wa Mei 2003, askari wa Uganda walipokwisha kuondoka, mji huu ulipigana mtaa kwa mtaa. Watoto wetu walijifunza njia gani wasipite, kabla ya kujifunza kusoma. Na sherti tuseme kweli: wengi waliomfungia jirani mlango hawakumchukia. Waliogopa watu wao wenyewe watasema nini. Kila mmoja alidhani wengine wote wamekwisha kuamini, akanyamaza. Na kimya chake kikawa ushuhuda kwa mwenzake.

Ndivyo ilivyokuwa tena wakati wa Ebola. Katika jumuiya zetu, waganga walipokuja kuuliza nani aligusa mgonjwa, tulificha majina. Tulipoulizana baadaye, ilionekana kwamba kati yetu walioamini kweli yale maneno ya biashara walikuwa wachache. Wengine tulifuata tu. Tulikuwa wazee, tena wasomaji wa Misa.

Nini kilipunguza uvumi ule? Vipaza sauti vya magari vilifanya kidogo. Huko Beni waliwaweka wagonjwa katika vyumba vya plastiki angavu, hata jamaa wakaweza kusimama nje na kumwona mama yao akinywa maji. Watu waliopona, ambao ugonjwa haukuwarudia upesi, waliwalea watoto wachanga wa wagonjwa. Wao walirudi nyumbani wakiwa wazima, na jirani aliweza kuwauliza. Na chanjo yenyewe ilikuwa na utaratibu wake: walimtafuta mgonjwa, wakawahesabu waliomgusa, kiisha waliowagusa hao, wakawachanja wote kama duara. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Kwa hiyo waganga walipita katika njia ya ugonjwa wenyewe, nyumba kwa nyumba.

Tunasema hayo kwa sababu ya jambo lililo mbele yetu. Tangu Desemba 2017 Djugu iliwaka tena, na makambi ya waliokimbia yakaingia ndani ya mji. Maneno ya zamani yamekuja pamoja nao, na mengine yalikuwa yakiwangoja hapa: hawa wanapewa msaada, hawa wanaficha silaha, wale ndio waliowaita wauaji. Tumeyasikia penye bomba la maji. Tumeyasikia, tusifiche, hata nyuma ya kanisa baada ya Misa ya kwanza. Hakuna aliyeuliza: wewe, ulisikia kwa nani?

Baraza la parokia limekubali jambo moja dogo. Katika kila jumuiya, kabla ya kuchanga sadaka, ataulizwa kila mtu ni neno gani amelisikia juma hili juu ya wengine, na kama alimwona aliyeliona. Kiisha wawili watatumwa kwa wale wanaosemwa, kambini au mtaani, wawaulize wao wenyewe, walete jibu juma linalofuata. Wengine wamesema tutaamsha ugomvi uliolala. Yawezekana. Sisi tunaona kwamba haujalala.

Mama mmoja wa baraza alituuliza ikiwa wale wanaosema leo ndio watakaotumwa kwanza. Tumemjibu ndiyo. Tutakwenda Jumatano.