Kwa Nini Upele Hauwi Sawa kwa Watu Wote

Wasikilizaji wangu, leo nitasema nanyi habari za upele, na ugomvi unaoletwa na upele nyumbani. Mtoto akianza kujikuna, watu humnyoshea kidole, wakisema, "Huyu ndiye aliyetuletea." Je, ni kweli?

Upele huletwa na mdudu mdogo mno, asiyefika nusu ya milimita. Jike huchimba njia katika ngozi, akataga humo mayai 2 au 3 kila siku. Mwasho ni kazi ya mwili wenyewe unaomkataa mdudu pamoja na mayai na mavi yake. Nayo miili haifanani. Mtu ambaye hajapata kuugua upele aweza kukaa majuma 4 hata 6 asiwashwe. Aliyekwisha kuugua zamani huwashwa baada ya siku 1 hata 4. Basi, huenda ajikunaye kwanza ndiye aliyeambukizwa mwisho!

Mwaka 1941 Bwana Kenneth Mellanby alianza kuwachunguza watu waliojitolea katika mji wa Sheffield, Uingereza. Aliona ya kuwa upele huenea hasa kwa miili kugusana, kama watu walalao pamoja, na mara chache kwa mablanketi. Tena waliougua mara ya pili walikuwa na wadudu wachache kuliko mara ya kwanza.

Kwa kawaida mgonjwa huwa na wadudu 10 hata 15 tu. Lakini mzee dhaifu, au mtu aliyepungukiwa nguvu za kujikinga, aweza kuwa nao maelfu, hata milioni. Ngozi yake hufanya magamba mazito, naye pengine hajikuni kabisa. Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Na huyo asiyejikuna aweza kuambukiza nyumba nzima, hata kwa nguo na matandiko yake.

Kwa hiyo msimlaumu mtoto. Nendeni zahanati wote, mpakwe dawa siku moja, hata wasiowashwa, na kuirudia kama mtakavyoagizwa, kwani mayai yaweza kusalia. Fueni nguo na matandiko kwa maji ya moto. Mwasho ukiendelea majuma mawili matatu baadaye, msidhani dawa imeshindwa. Mwili haujatulia bado.

Kumtibu mmoja na kuwaacha wengine ni kuteka maji kwa pakacha.