Wakfu kwa Maradhi Yasiyo na Mwenyewe

(Mazungumzo na wakulima na wavuvi wa Kilwa Kivinje)



Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa vipawa alivyotoa. Kutoa, basi, si jambo geni katika mwambao huu. Swali ni hili: tunatoa kwa namna gani, na kwa ajili ya nani?

Ipo saratani ya watoto ambayo huvimbisha taya au tumbo, na hukua upesi mno. Ulimwenguni huhesabiwa kuwa nadra. Katika nchi zetu za joto, mvua na malaria si nadra hivyo. Hapo ndipo penye mkasa: mwenye fedha haioni, na anayeiona hana fedha.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe huo. Ruzuku yake ya kwanza ya uchunguzi ilikuwa pauni 25. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu maili zipatazo 10,000, wakipita Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakabaini kuwa maradhi hayo hufuata nyanda za chini zenye joto na mvua. Mwaka 1964, kutokana na vipande vya uvimbe vilivyotoka Uganda, Anthony Epstein na wenzake huko London waligundua kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Fedha kidogo yenye subira ilizaa elimu hiyo.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu uvimbe huo kilianzishwa Mulago kwa msaada wa Marekani. Idi Amin alipotawala, wataalamu wa kigeni wakaondoka, na mwaka 1972 mzigo ukamwangukia Charles Olweny na Waganda wenzake. Kazi haikufa, lakini somo liko wazi: fedha ya mgeni huondoka na mgeni.

Wazee wetu waliijua dawa ya jambo hili, nayo ni wakfu. Sadaka huliwa ikaisha. Wakfu shina lake haliguswi. Mnazi wa msikiti hauuzwi. Nazi zake ndizo zinunuazo mafuta ya taa.

Tuseme kila mkulima atenge shilingi 5 kwa kilo ya ufuta. Tani 1,000 zitatoa shilingi milioni 5. Hazitajenga maabara. Lakini zikihifadhiwa na kuongezwa kila msimu, faida yake itamlipia mama nauli ya kumfikisha mwanawe Muhimbili mapema, wakati bado anaweza kupona. Tena itamlipa karani wa kuandika habari za kila mtoto mgonjwa: kijiji, umri, tiba, na mwisho wake. Pasipo kumbukumbu hizo hapana uchunguzi.

Najua mtauliza: nani atazishika? Mna haki, maana michango mingi imeliwa. Basi wadhamini wachaguliwe hadharani, hesabu zisomwe mkutanoni kila msimu, na shina lisiguswe hata na mwenyekiti.

Maradhi haya hayana mwenyewe. Tusipoyachunguza sisi tunaowazika watoto hao, tunamngoja nani?