Ruhusa Kabla ya Mafunzo: Sera za Kutanguliza kwa Ajili ya Biashara za Dzaleka na Mtandire

Mada iliyotolewa kwenye semina ya wafanyabiashara, Mtandire, Lilongwe



Nimeombwa nizungumzie sera ambazo serikali ingepaswa kuzitanguliza ili biashara zistawi katika jamii inayopokea wageni. Mada ya aina hii huzungumzwa zaidi milimani: Likhubula chini ya Mulanje, ambako watu hupanda kwenda Sapitwa, mita 3,002; au Marangu na Machame chini ya Kilimanjaro. Sisi hatuna mlima wa namna hiyo. Tuna kambi ya wakimbizi ya Dzaleka huko Dowa, yapata kilomita 40 kutoka Lilongwe, na tuna Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongomani Menes La Plume, ambalo huingiza maelfu ya wageni kambini. Kwa hiyo swali la watu wa milimani ni letu pia: mgeni akija na pesa yake, nani anaruhusiwa kuipokea?

Naanza na milima kwa sababu wengi wetu tumetoka huko. Aliyekulia Goma au Rutshuru, mashariki mwa Kongo, amewaona watalii wakienda kutazama sokwe wa milimani na moto wa volkano ya Nyiragongo, huku kijiji cha njiani kikiuza ndizi zilezile kwa bei ileile. Ng'ambo ya mpaka mambo yalianza kubadilika pale sheria ilipobadilika. Uganda, kupitia sheria yake ya wanyamapori ya 1996, iliagiza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudi kwa jamii zinazopakana nazo. Rwanda ilianza mwaka 2005 na asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi, na mwaka 2017 ikafika asilimia 10. Malalamiko yapo hata huko, hasa kuhusu nani hasa anafikiwa na fedha hizo. Lakini haki iliandikwa kwanza, ndipo mwanakijiji akapata kitu cha kudai. Na Kilimanjaro tunaona jambo la pili: kanuni inasema mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na mzigo hupimwa kwa mizani getini. Bila ile mizani, mpagazi angebaki kubeba chochote anachotwishwa, kanuni iwepo isiwepo.

Sasa turudi Dowa. Siku za Tumaini, Dzaleka huwa mji mwingine. Wanamuziki hutoka Malawi na nje ya Malawi. Wapo wageni wanaolala kwenye nyumba za familia za kambini, wanakula sombe na bugali pamoja na watoto wa mwenye nyumba, na asubuhi wanapewa chai na chapati. Fundi cherehani anauza mashati ya kitenge, mchoraji anauza picha, mwenye kabaza, baiskeli ya abiria, hapumziki. Mimi nalitazama tamasha hili kama ushahidi mkubwa kuliko ripoti yoyote kwamba watu wa kambini wana bidhaa ambayo Mmalawi wa mtaa wa Area 47 mjini Lilongwe na mgeni wa kutoka Ulaya wako tayari kuisafiria.

Kisha wageni wanaondoka, na hapo ndipo tatizo letu lilipo. Mfanyabiashara wa Lilongwe aliyekuja kuuza vinywaji anarudi mjini na mtaji wake. Fundi wa Dzaleka aliyepewa oda ya mashati ishirini na hoteli ya mjini hawezi kumfuata mteja wake bila kibali cha kutoka kambini. Mteja amempata, mikono anayo, lakini njia kati yao imefungwa na sheria.

Tuitazame sheria yenyewe. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo Desemba 1987, ikaweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira na vya uhuru wa kwenda mtu anakotaka. Sheria ya Wakimbizi ilifuata mwaka 1989. Tuwe waadilifu katika kuihukumu miaka hiyo. Nchi hii ndogo ilikuwa inapokea watu waliokimbia vita vya Msumbiji, ambao baadaye walizidi milioni moja, na ilitarajia kwamba vita vikiisha watarudi kwao. Wengi walirudi kweli. Lakini Dzaleka, iliyokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda, ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994 kwa watu wengine wenye safari nyingine: Wanyarwanda, Warundi, Wakongomani. Ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo inao zaidi ya 50,000, na wapo wazazi waliozaliwa humohumo. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya mgeni wa muda mfupi inatumika kwa mtu ambaye hajawahi kuishi mahali pengine.

Juu yake ikaja Sheria ya Leseni za Biashara ya 2012, iliyotaka raia wa kigeni wafanye biashara mijini tu, vijijini waachiwe wenyeji. Ziwekeni sheria hizi mbili pamoja. Sera ya wakimbizi inamwambia Mrundi akae Dowa, kijijini. Sera ya biashara inamwambia raia wa kigeni asifanye biashara kijijini, aende mjini. Mfanyabiashara mkimbizi akitii ya kwanza anagongana na ya pili, akitii ya pili anaivunja ya kwanza. Hakuna mafunzo ya ujasiriamali yanayoweza kumtoa mtu hapo.

Mtandire inajua gharama ya mgongano huo. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote walio nje ya kambi warudi Dzaleka, na Mei mwaka huohuo polisi wakaanza kuwakamata katika mitaa ya Lilongwe, watoto wakiwemo. Wengi walipitishwa gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. Duka likifungwa namna ile, hasara haimwishii mwenye duka. Mwenye nyumba wa Kimalawi anapoteza kodi. Kijana aliyekuwa akipakua magunia anakosa kibarua. Mama aliyekuwa akichukua sukari na mafuta kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi anatafuta duka jingine linalomwamini. Halmashauri nayo inakosa ushuru wa soko.

Najua hoja ya upande wa pili, na imo humu ndani. Mfanyabiashara wa Kimalawi anasema: hawa wakimbizi wananunua kwa pamoja, wanauza kwa bei ya chini, wananifungia duka. Hoja hiyo si chuki. Ni hofu ya mtu ambaye kwacha yake ilishushwa thamani kwa asilimia 25 Mei 2022, na tena kwa asilimia 44 Novemba 2023. Jibu langu ni kwamba mshindani asiye na leseni ni hatari zaidi kwake kuliko mwenye leseni. Asiye na leseni halipi kodi, hana risiti, hawezi kuingia ubia wa halali, na akihamishwa usiku anaondoka na madeni ya watu. Mwenye leseni anashindana kwa kanuni zilezile.

Kwa hiyo jambo la kwanza tuliombe waziwazi: leseni ya biashara kwa jina la mkimbizi mwenyewe, akitumia kitambulisho chake cha ukimbizi, iwe halali Dowa na Lilongwe, pamoja na kibali cha kusafiri cha mwaka mzima badala ya cha siku chache. Uganda inawaruhusu wakimbizi kutembea na kufanya kazi kwa sheria yake ya 2006, na Kenya ilitunga sheria mpya ya wakimbizi mwaka 2021. Hatuombi kitu ambacho ukanda huu haujakijaribu.

La pili ni pesa ya simu na akaunti ya benki. Sote tunamjua mtu anayepokea malipo kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani. Siku wakigombana, mtaji umekwenda. Hili halihitaji Bunge. Kampuni za simu na mabenki wakipewa maelekezo ya wazi kuhusu kitambulisho cha mkimbizi, linamalizika.

La tatu ni ile asilimia ya Rwanda na Uganda. Halmashauri ya Dowa inapotoza ushuru kwenye soko la Dzaleka na kwenye vibanda vya wageni siku za tamasha, sehemu yake iandikwe kisheria kuwa ya maji, vyoo na taa za hapohapo, kwa kambi na kwa vijiji vinavyoizunguka kwa pamoja. Chifu wa kijiji jirani akiona kisima kimechimbwa kwa ushuru wa tamasha, atalitetea tamasha kuliko sisi. Na hesabu zibandikwe sokoni kila mwezi, mtu yeyote azisome.

Mafunzo nayaweka mwisho kwa makusudi. Yamekuwa mengi, na vijana wetu wana vyeti. Kitu ambacho hatuna ni hesabu ya uchumi wetu wenyewe. Kambi ya Kakuma, kule Kenya, ilipimwa, na ripoti ya 2018 ya IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia, ikakadiria mzunguko wake wa fedha kuwa dola milioni 56 kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,000. Takwimu ya namna hiyo humpa mwenye benki sababu ya kuitazama kambi kama soko. Serikali ya hapa nayo imewahi kutangaza utalii kuwa nguzo moja pamoja na kilimo na madini, kwa hiyo mlango wa kuzungumzia Tumaini kama utalii upo.

Napendekeza chama cha wafanyabiashara wa Mtandire na wenzao wa Dzaleka waanze kuhesabu wenyewe wakati wa tamasha lijalo: vibanda vingapi, vya nani, viliuza nini, vililipa ushuru kiasi gani, wageni wangapi walilala kwenye nyumba za watu na waliacha kiasi gani. Wamalawi na wakimbizi wahesabu pamoja, daftari moja. Nakala ya kwanza iende kwa Halmashauri ya Dowa, ya pili kwa Wizara ya Usalama wa Ndani, ikiambatana na ombi la leseni nililolitaja.