Naibu Gavana na Kura Asiyopigiwa

Wapiga kura wa eneo bunge la Kabuchai, Kaunti ya Bungoma, wameuzoea uchaguzi mdogo. Mwaka 2013, miezi michache baada ya uchaguzi mkuu, mahakama ilibatilisha ushindi wa Moses Wetang'ula katika useneta wa Bungoma. Tarehe 19 Desemba mwaka huohuo watu wakarudi vituoni na kumrejesha kitini. Desemba 2020 mbunge wao, James Lusweti Mukwe, akafariki dunia, na tarehe 4 Machi 2021 wakamchagua Majimbo Kalasinga wa Ford-Kenya. Septemba 2022 Wetang'ula akawa Spika wa Bunge la Taifa, useneta ukabaki wazi, na tarehe 8 Desemba kaunti nzima ikapiga kura tena. Safari hiyo akashinda David Wakoli.

Mbunge akifa, watu huulizwa. Seneta akiondoka, watu huulizwa. Mwakilishi wa wadi akiondoka, wakazi wa wadi yake huulizwa. Gavana, mwenye bajeti ya hospitali, barabara za mashinani, chekechea na masoko kama lile la Chwele, akiondoka kabla ya muda wake, hakuna anayeulizwa. Naibu wake huapishwa na kazi ikaendelea.

Hivyo ndivyo Katiba ya 2010 inavyosema. Kifungu cha 180 kinamtaka kila mgombea ugavana ateue mtu mwenye sifa za kuwa gavana awe mgombea mwenza wake, na kinaikataza Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kuandaa uchaguzi wa peke yake wa naibu gavana. Gavana akitangazwa mshindi, mwenzake ametangazwa pia. Kifungu cha 182 kinaongeza kwamba kiti cha gavana kikiwa wazi, naibu hukishika kwa muda wote uliosalia. Kama muda huo unazidi miaka miwili na nusu, huhesabiwa kuwa kipindi kizima.

Nyeri imeyaonja hayo mara mbili katika mwaka mmoja. Februari 2017 gavana Nderitu Gachagua alifariki na naibu wake, Samuel Wamathai, akamalizia kipindi. Agosti wananchi wakamchagua Wahome Gakuru, na tarehe 7 Novemba, kabla hajatimiza miezi mitatu ofisini, akafa katika ajali ya barabarani. Naibu wake, Mutahi Kahiga, akaapishwa. Kahiga alishinda kwa kura zake mwenyewe mwaka 2022, na kwa hesabu ya Katiba kipindi anachokimaliza 2027 ni cha pili na cha mwisho. Mtu aliyeingia 2017 kama mgombea mwenza ataondoka akiwa ameiongoza kaunti kwa karibu miaka kumi. Bomet nayo ilimpoteza Joyce Laboso tarehe 29 Julai 2019, na Hillary Barchok akachukua usukani, kisha akachaguliwa 2022.

Kifo si njia pekee. Kiambu, Seneti ilimng'oa gavana Ferdinand Waititu Januari 2020 na naibu wake, James Nyoro, akaingia. Meru, naibu gavana Isaac Mutuma aliapishwa Machi 2025 baada ya mahakama kukubali kuondolewa kwa gavana Kawira Mwangaza.

Nairobi ndiyo yenye funzo zito kuliko zote. Polycarp Igathe alijiuzulu unaibu gavana Januari 2018, akieleza kwamba ameshindwa kupata imani ya gavana wake, Mike Sonko. Kiti kile kikakaa bila mtu kwa karibu miaka mitatu. Mwaka huohuo wa 2018 Mahakama ya Juu, ikitoa ushauri kwa ombi la Spika wa Bunge la Kaunti ya Embu, ilisema gavana asiye na naibu anapaswa kuteua jina ndani ya siku 14, na bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60. Hata hivyo, Sonko alipong'olewa na Seneti Desemba 2020, hakukuwa na naibu wa kumrithi, na Spika wa bunge la kaunti, Benson Mutura, akawa kaimu gavana. Januari 2021 Anne Kananu akaidhinishwa na wawakilishi wa wadi kuwa naibu gavana, na Novemba akawa gavana kamili hadi Agosti 2022. Jina lake halikuwa kwenye tiketi yoyote iliyoshinda 2017. Mji mkuu wa nchi uliongozwa na mtu ambaye hakuna mpiga kura hata mmoja aliyewahi kumweka kwenye mizani.

Je, dawa ni naibu gavana apigiwe kura yake? Huko Marekani majimbo kadhaa hufanya hivyo. Texas humchagua naibu gavana kwa kura ya peke yake, pamoja na mwanasheria mkuu, mdhibiti wa hesabu za umma na hata kamishna wa ardhi za jimbo. Kati ya 1995 na 1999 gavana wa Texas alikuwa George W. Bush wa Republican, na naibu wake Bob Bullock wa Democratic. Walifanya kazi pamoja vizuri. Lakini naibu gavana wa Texas ndiye mwenyekiti wa Seneti ya jimbo, kwa hiyo ana kazi yake na nguvu zake hata gavana asipompenda. Wa kwetu hana ngao hiyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 humwachia gavana uamuzi wa kumpa naibu wizara au kutompa, na hata naibu anapokaimu, haruhusiwi kuteua wala kufuta mtu kazi. Kumpa mtu wa namna hiyo sanduku lake la kura ni kuweka mafahali wawili katika zizi moja. Siaya na Kisii zimeonyesha ugomvi huo hata bila kura mbili: Seneti ilimwokoa naibu gavana wa Siaya, William Oduol, mwaka 2023, na Machi 2024 ikamtimua mwenzake wa Kisii, Robert Monda.

Kwa hiyo sipendekezi kuvunja tiketi ya pamoja, hasa katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia. Bungoma ina Wabukusu wengi, lakini pia ina Wasabaoti wa Mlima Elgon, Watachoni na Wateso. Trans Nzoia ni mchanganyiko mkubwa zaidi, nchi ya mashamba ya walowezi iliyokuja kukaliwa na watu wa kila upande. Mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992 yalizigusa zote mbili, na kati ya 2006 na 2008 Mlima Elgon ulivuja damu kwa ajili ya ardhi. Huko Trans Nzoia Patrick Khaemba alipomchukua Stanley Tarus kuwa mgombea mwenza mwaka 2013, na mwaka 2022 George Natembeya alipomchukua Philomena Kapkory, na huko Bungoma Kenneth Lusaka alipomchukua Jennifer Mbatiany, watu wa Kitale na Bungoma walielewa kwamba hapo kuna hesabu ya jamii. Hesabu hiyo ina heshima yake. Kura mbili tofauti zingeweza kuipa jamii kubwa viti vyote viwili.

Kasoro iko kwingine. Jina la mgombea mwenza hupikwa usiku, hutolewa dakika za mwisho, na likishatolewa mjadala huishia kwenye kabila na kaunti ndogo anakotoka. Mgombea mwenza hupanda jukwaani, hutambulishwa, hupunga mkono, hushuka. Hakuna anayemuuliza anajua nini kuhusu bajeti, au angefanya nini na madeni ya wanakandarasi siku ya kwanza akiapishwa ghafla. Jamii iliyopewa nafasi hiyo nayo hudhulumiwa: hutumika kutafuta kura, kisha mtu wake hukaa ofisini bila wizara wala fungu.

Wapiga kura wa Kabuchai, wawe wazee wa kijiji, viongozi wa makanisa, akina mama wa vyama au vijana wa bodaboda, wana uwezo wa kubadilisha hilo bila kusubiri Bunge. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Kila mgombea ugavana atakayefika Chwele, Nalondo, Luuya au Mukuyuni kuomba kura aambiwe aje na mwenzake, aseme hadharani atampa wizara gani, na ampishe aulizwe maswali peke yake, kipaza sauti kikiwa mkononi mwake. Redio za Bungoma na Kitale ziandae mdahalo wa wagombea wenza, kwa muda uleule wanaopewa wagombea ugavana. Anayekataa kumleta mwenzake mbele ya watu asipewe kura ya Kabuchai.