Vitabu vya Safari, vya Historia na vya Upishi
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wazee na walimu, Ifakara)



Tumeombwa tuwaambie ni vitabu gani vinavyowafaa watu wa bonde hili la Kilombero. Vitabu ni vingi na fedha ni chache, wala mtu aliyerudi jioni kutoka shamba la mpunga hana saa nyingi za kusoma kabla ya kushikwa na usingizi. Kwa hiyo hatutataja vingi. Tutasema habari za aina tatu: safari, historia na upishi. Labda wengine watacheka wakisikia upishi umewekwa pamoja na historia. Twawaomba wangoje mpaka mwisho.

Kwanza, safari. Watu wengi hudhani kwamba habari za safari za zamani ziliandikwa na Wazungu tu, na sisi tulikuwa wachukuzi wa mizigo yao. Sivyo. Mwaka 1901 Mdachi mmoja, Carl Velten, alipiga chapa kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Yeye alikuwa mkusanyaji, lakini wasimulizi ni watu wa pande zetu. Yumo Selemani bin Mwenye Chande, aliyeeleza safari yake ya bara. Yumo na Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896. Hapo msomaji atamwona Mwafrika akiwatazama watu wa nchi za baridi na kuzieleza desturi zao, kama wageni walivyozoea kuzieleza zetu. Mwaka 1932 tena kilitoka kitabu cha Martin Kayamba, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Yeye alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki.

Wenye kujua Kiingereza wasome pia Africa's Freedom Railway, kitabu cha Jamie Monson cha mwaka 2009. Kinaeleza reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, urefu wake kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Reli hiyo yapita hapa kwetu. Mwandishi hakutosheka na maneno ya wakubwa wa serikali; alisoma hata stakabadhi za vifurushi vya stesheni, apate kujua wanavijiji walisafirisha nini na kwa nani. Basi mjue kwamba gunia la mpunga la mtu wa Mlimba laweza kuwa habari ya kitabu.

Pili, historia. Kitabu kikubwa cha zamani juu ya bonde letu ni Ubena of the Rivers, kilichotoka London mwaka 1935. Waandishi wake ni A. T. Culwick, aliyekuwa afisa wa serikali huku, na mkewe G. M. Culwick. Lakini sura moja iliandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Jambo hili twalisifu sana: mtawala wa bonde hili aliona kwamba habari za wazee wake hazifai kuachwa zisemwe na wageni peke yao.

Lakini kusifu si kufumba macho. Mtema aliandika habari za nyumba yake, na ni haki yake. Wandamba, watu wa mto na mitumbwi, waliokuwapo kabla ya Wabena kuteremka bondeni, hawakuandika sura. Wala Wambunga wa Ifakara hawakuandika. Na historia yetu si ya upande mmoja. Katika Vita vya Maji Maji, nyumba ya Kiwanga ilikuwa upande wa Wadachi, na Wambunga na Wapogoro waliishambulia boma ya Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, wakauawa wengi kwa bunduki za rashasha. Leo wajukuu wa pande zote mbili wanakaa benchi moja shuleni. Mwalimu atakayewasomea kitabu cha upande mmoja tu atawadhulumu nusu ya watoto wake.

Kwa hiyo na visomwe pamoja na kile vitabu vingine. Upo utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi juu ya vita hivyo, na zipo kumbukumbu zilizokusanywa na G. C. K. Gwassa na John Iliffe mwaka 1968. Mwaka huo huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee waliokuwa hai wakati wa vita. Ilikuwa imepita miaka 63. Wangalichelewa miaka ishirini tu, wangaliuliza makaburi.

Tatu, upishi. Mwaka 1978 Eva Pendaeli-Sarakikya alitoa kitabu kiitwacho Tanzania Cook Book, kilichochapwa na Tanzania Publishing House. Ni kizuri, na tunawasihi akina mama na vijana wanaosoma Kiingereza wakitafute. Lakini nchi ni kubwa, na kitabu kimoja hakiwezi kuingia kila jiko.

Sisi tulimjua mama mmoja mzee, ng'ambo ya mto, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018, wakati tulipokuwa tukivuka kwa kivuko. Alijua kukausha kambare kwa moshi hata akakaa miezi bila kuharibika. Alijua mizizi ya porini ya kuliwa wakati wa masika, ghala zinapokuwa tupu na mpunga mpya haujaiva: upi huliwa, upi huua, na ule wa katikati huloweka maji kwa siku ngapi. Mara nyingi tulikula kwake, tukashiba, tukashukuru. Kalamu ilikuwa mfukoni mwetu, wala hatukumwuliza hata siku moja. Sasa amekufa, na binti zake hawakumbuki hesabu ya siku.

Ndugu zetu, hilo si jambo la kuchekwa. Muhogo mchungu usipolowekwa na kuanikwa sawasawa una sumu, na waweza kumlemaza mtu miguu. Anayejua kuutengeneza amerithi maarifa ambayo watu wa kale waliyapata kwa kuugua na kufa. Hiyo ni historia, ila imeandikwa chunguni. Ndiyo sababu tulitia upishi pamoja na mambo mengine.

Basi shauri letu ni hili. Vitabu tulivyovitaja viulizwe katika maktaba ya mkoa, Morogoro, na mwenye kwenda Dar es Salaam avitafute huko. Kikipatikana kimoja, kisomwe kwa sauti, na wazee wasikilize, waseme lililo kweli na lililopungua. Na kila shule iweke daftari moja lenye sehemu tatu: safari, historia na upishi. Mtoto amwulize babu yake alikopita na alichokiona, amwulize bibi yake anavyopika, aandike pamoja na jina la msemaji na tarehe. Daftari liwekwe juu, mahali pasipofika mchwa wala maji ya mafuriko.

Wazee, msingoje mgeni aje na karatasi yake. Walimu, msingoje fedha. Daftari moja bei yake ni ndogo. Mzee aliye hai leo ni kitabu ambacho hakijapigwa chapa, na hatujui ni jioni gani kitafungwa.

Tumekoma hapo.